Kuchagua Gia za Motokaa: Mwendo au Nguvu?

Wasomaji wenzangu, likizo iliyopita nilijifunza somo la fizikia lililomgharimu mjomba wangu sahani ya klachi. Naliandika hapa ili mwingine asije akalipia kosa kama langu.

Mjomba ana Land Rover ndefu ya mwaka 1968, yenye injini ya petroli ya lita 2.25. Fundi mmoja wa Kamembe alikuwa akiiunda upya. Mjomba alitaka iende mbio zaidi katika barabara ya lami ya kwenda Huye, maana ikifika kilomita 80 kwa saa injini ililia mno. Akaniambia, "Wewe unayesoma hesabu pale Gihundwe, nipe shauri."

Kwanza tuelewe kazi ya gia. Kutoka Ziwa Kivu kupanda huku kwetu kuna njia ya mkato na njia ya kuzunguka. Mama aliyejitwika kikapu cha viazi hupita ile ya kuzunguka: anakwenda mbali zaidi, lakini kila hatua ni nyepesi. Gia, ambayo mafundi wetu huiita vitesi, hufanya vivyo hivyo. Injini huzunguka mara nyingi ili gurudumu lizunguke mara moja, na gurudumu hupata nguvu. Lakini nguvu haipatikani bure. Kadiri inavyozidi, mwendo hupungua.

Katika gari lile mzunguko wa injini hupunguzwa mahali patatu. Katika giaboksi, gia ya kwanza ni 3.6, ya pili 2.22, ya tatu 1.5, na ya nne 1. Kisha kuna giaboksi ndogo, 1.148. Mwisho ni difu, ambamo gurudumu dogo la meno 10 huzungusha gurudumu kubwa la meno 47. Gawanya, utapata 4.7. Ukizidisha yote, gia ya kwanza ni 19.4 na ya nne ni 5.4.

Fundi alikuwa na difu mbili za Range Rover zenye meno 13 na 46, yaani 3.54. Huweza kuingia mahali pa zile za zamani, nasi tulihitaji mbili kwa sababu difu ya mbele na ya nyuma lazima zilingane. Nikapiga hesabu. Gurudumu letu likizunguka mara moja huenda kama mita 2.5. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, difu ya zamani hutoa kilomita 83 kwa saa, na hii 111. Nikafurahi, nikasema, "Mjomba, tuweke hizi." Fundi akaniuliza, "Mwanangu, mlima umeuhesabu?" Sikumjali.

Safari ya kwanza tulipakia magunia 8 ya mchele wa Bugarama. Hadi Gisakura mambo yalikuwa mema. Lakini ndani ya msitu wa Nyungwe, tukipanda kuelekea Uwinka, gia ya tatu ilishindwa, na ya pili ikawa inajikokota. Lori la mbele likasimama, nasi tukasimama. Kuondoka tena kukawa kazi. Mjomba aliiachia klachi nusunusu, mara tatu, mara nne, mpaka moshi ukatoka. Giaboksi ndogo ina gia nzito, lakini huunganisha magurudumu yote manne, na katika kona za lami kavu huumiza vyuma. Kwa hiyo alisita kuitumia. Alipoamua, klachi ilikuwa imekwisha kuungua.

Tulilala kando ya barabara kwa baridi. Mjomba hakunikemea. Aliniuliza tu, "Hesabu yako ilikosea wapi?"

Nilifikiri usiku kucha. Hesabu ilikuwa sahihi, ila niliuliza swali moja nikaacha la pili. Gawanya 3.54 kwa 4.7, utapata kama 0.75. Basi katika kila gia tulipoteza robo ya nguvu ya kuvuta. Gia ya kwanza ilishuka kutoka 19.4 hadi 14.6. Tena Uwinka ni zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa kule ni nyepesi, na injini ya kabureta hupoteza karibu robo ya nguvu iliyo nayo pwani. Robo tatu ya robo tatu ni 9/16. Nilimpeleka mjomba mlimani na nguvu iliyozidi nusu kidogo tu.

Difu za meno 47 zimerudishwa. Kwa lami tambarare iko dawa nyingine: giaboksi ya nyongeza ya Fairey, ambayo dereva huiunganisha apendapo. Hupunguza mizunguko ya injini hadi 0.78, hivyo zile kilomita 83 huwa kama 106, na mlimani unaiondoa. Mjomba anaiwekea akiba.

Basi, ndugu msomaji, ukitaka kuchagua gia, andika kwanza mlima mkali kuliko yote utakaoupanda, kimo chake, na uzito wa mzigo wako. Hakikisha gari litaweza kusimama pale katikati na kuondoka tena. Ukiisha kupata jibu hilo, ndipo uulize habari za mwendo. Nami fundi akiniuliza tena jambo, nitaiweka kalamu chini na kumsikiliza.