Mafunzo Niliyopata kwa Kutunza Nywila kwenye Teminali

Kazi yangu ni kuunganisha tovuti za maduka ya katikati ya Nairobi na M-Pesa kupitia Daraja, mfumo wa Safaricom kwa watengenezaji programu. Siri za watu hupita kwenye kompyuta yangu kutwa. Nazitunza kwa pass, programu ya Jason Donenfeld inayofunga kila nywila katika faili yake kwa GnuPG.

1. Siri haiandikwi ndani ya amri. Daraja hukupa funguo mbili; ukizipeleka unapewa tokeni ya takribani saa moja. Wengi huzibandika moja kwa moja kwenye amri ya curl. Bash nayo huiweka amri nzima katika .bash_history, na kwenye seva ya watu wengi, siri iliyoandikwa ndani ya amri yaweza kuonekana kwa ps programu ingali inaendelea. Niliwahi kufungua historia ya seva ya mteja wa Moi Avenue nikakuta funguo za duka lake zote, zimeachwa na fundi aliyenitangulia. Kuzifuta hakukutosha. Tuliomba mpya siku ile ile.

2. Programu ipokezane na programu. Pass show hutoa nywila, alama ya | huipeleka, na docker login yenye --password-stdin huipokea. Pasipowezekana hivyo, pass -c huinakili kwenye ubao wa kunakili na kuifuta humo baada ya sekunde 45.

3. Ukiinuka, funga. Gpg-agent, sehemu ya GnuPG, hukumbuka kaulisiri ya ufunguo wako kwa dakika 10 tangu ulipoitumia mwisho, usipobadilisha muda huo. Katika ofisi za kukodi meza za Westlands na Kilimani, ambako jirani wa leo si wa jana, dakika hizo ni nyingi mno. Kabla ya chakula cha mchana naandika gpgconf --kill gpg-agent.

4. Majina ya faili hayafichwi. Anayeipata folda ya pass anawajua wateja wako wote, kwa hiyo nawapa majina ya kubuni.

5. Mwenzako mnayetumia naye folda hiyo akiondoka, badilisheni nywila zenyewe. Kumtoa kwenye orodha ya wenye funguo hakufuti nakala alizokwisha kuchukua kwa Git. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde, na mwenye duka anastahili hilo hata asipolijua. Tulipomuaga mwenzetu, tulikaa Lavington hadi jioni tukibadilisha nywila moja moja, naye mwenyewe akitusomea orodha yake.