Chungu Kimoja au Viwili? Somo la Jamii Katika Vyuo vya Maendeleo

Wanafunzi wa vyuo vya maendeleo ya jamii hupangwa katika kata na vijiji kwa mafunzo kwa vitendo. Mkazi hupigiwa hodi na kijana mwenye daftari, kisha huulizwa mambo yanayofanana na udaku: nani hulala hapa, nani hupika, chungu ni kimoja au viwili, shamba lile lilitoka upande wa baba au wa mama. Maswali hayo yanatokana na masomo ya sosholojia na anthropolojia.

Sosholojia huchunguza namna watu wanavyoishi pamoja: familia, kazi, madaraka, tofauti za kipato. Anthropolojia huchunguza undugu, mila na imani, na desturi yake ni kukaa na watu kwa muda mrefu na kutazama, pasipo kutegemea dodoso pekee. Mpaka kati ya masomo hayo mawili ni mwembamba.

Swali la chungu lina uzito wake. Kaya huhesabiwa kwa watu wanaoishi pamoja na kushirikiana chakula na mahitaji mengine, hivyo nyumba moja yaweza kuwa na kaya mbili. Mwanafunzi asipouliza, bibi mjane anayewapikia wajukuu katika chumba cha uani atahesabiwa ndani ya kaya ya mwanawe mwenye duka. Orodha ya kaya maskini itakapojadiliwa kwenye mkutano wa kijiji, jina la bibi huyo huenda lisitajwe kabisa.

Gharama ya kutouliza ilionekana zamani katika milima ya Uluguru, mkoani Morogoro. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Nia ya kuhifadhi udongo haikuwa mbaya. Lakini udongo wa juu katika miteremko mingi ni mwembamba. Matuta yakaufukia na kuufunua ule usio na rutuba. Aidha, Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na ardhi ilikuwa mali ya ukoo. Wengi walilima mashamba ya kuazimwa, na aliyeazimwa hakuwa na sababu kubwa ya kumwaga jasho kwenye tuta la kudumu katika ardhi ambayo ingeweza kurudi kwa wenyewe. Mwaka 1955 chuki ililipuka huko Matombo. Ghasia zikazuka, na mpango ukaachwa.

Ni haki kusema kwamba siasa za wakati ule zilichangia, na kwamba watu walichukizwa zaidi na kulazimishwa. Hata hivyo, mtu aliyeujua mfumo wa ukoo angeweza kuonya mapema. Henry Fosbrooke, aliyekuwa mwanasosholojia wa serikali ya Tanganyika, aliandika pamoja na Roland Young kitabu juu ya ardhi na siasa za Waluguru. Kilitoka mwaka 1960, matuta yakiwa yamekwisha kuachwa.

Mwanafunzi wa leo hujifunza kuuliza kabla jembe halijainuliwa. Kisima kikichimbwa katika eneo la ukoo mmoja, je, wengine watakuwa huru kuteka? Kikundi cha wanawake kikipewa miche ya miti ya kudumu, shamba watakalopanda ni la nani? Majibu ya Mtwara, ambako koo nyingi hufuata upande wa mama, yanaweza kutofautiana kabisa na yale ya Mara.

Kwa kijana wa kata anayetaka kuwa afisa maendeleo ya jamii, vipo vyuo vya Buhare mkoani Mara, Rungemba mkoani Iringa na Mlale mkoani Ruvuma, miongoni mwa vingine. Safari huanza na astashahada baada ya kidato cha nne, kisha stashahada. Taasisi ya Tengeru, mkoani Arusha, hutoa pia shahada. Anayependa kusikiliza wazee bila kuwakatiza ana mtaji tayari.

Mkazi anayetembelewa na mwanafunzi anaweza kuomba kuona barua ya utambulisho, kuuliza majibu yatatumika wapi, na kukataa swali asilolipenda. Pale majibu yanapotolewa, ni vyema chungu cha pili kitajwe.