Canon 7D Mark II iliyotumika: inafaa kwa picha za mpira?

Swali: Napiga picha za harusi hapa Nyakitonto, Kasulu, na sasa nataka kuingia kwenye mechi za mpira. Nimeletewa Canon EOS 7D Mark II iliyotumika. Ninunue?

Jibu: Nunua, ila ikague kwanza. Kamera hii ya mwaka 2014 hupiga picha 10 kwa sekunde na ina nukta 65 za fokasi, hivyo winga akichomoka haimpotezi kirahisi. Kihisi chake ni kidogo kuliko fremu kamili: lenzi ya milimita 200 huvuta kama ya 320, faida kubwa ukiwa nyuma ya goli. Udhaifu wake ni giza. Jioni ISO ikipanda sana, picha hujaa chembechembe.

Kabla ya kulipa, weka shata 1/1000 na fokasi AI Servo. Mwombe kijana akimbie kukuelekea, piga mfululizo, kisha kuza picha uyaangalie macho yake. Nyingi zikiwa na ukungu, jaribu lenzi nyingine kabla ya kuilaumu kamera. Ulizia pia imeshapiga picha ngapi: shata yake imekadiriwa kudumu picha 200,000. Ikikaribia hapo, iache.

Usimalize fedha zote kwenye bodi. Lenzi ya 70-200 f/2.8 ndiyo itakayokupa picha kali jua likizama.