Mekanika: Mpira wa Nyutoni 40 Unaosukuma kwa 50

Mitihani ndiyo hiyo inabisha hodi, na swali la vitu laini vinavyogusana linaangusha wengi kila mwaka. Hesabu yake ndogo tu. Kasheshe iko kwenye mchoro. Tuchukue swali moja tulimalize.

Mipira miwili laini, kila mmoja una nusu kipenyo cha sm 5 na uzito wa nyutoni 40, iko ndani ya sanduku lenye upana wa sm 16. Mmoja umekaa sakafuni ukigusa ukuta wa kushoto. Wa pili umekaa juu yake ukigusa ukuta wa kulia. Tafuta kani zote.

Neno "laini" si pambo. Linakuambia hakuna msuguano, kwa hiyo kila mguso unasukuma kwa nyuzi 90 na uso unaoguswa: ukuta kwa mlalo, sakafu kwa wima, na mpira kwa mpira kupitia mstari unaounganisha vitovu vyake. Vitovu hivyo vimeachana sm 10. Kwa mlalo ni 16 − 5 − 5 = sm 6, basi kwa wima ni sm 8 (Pythagoras huyo).

Sasa chora mpira wa juu peke yake. Peke yake, jamani! Kinachoubeba ni mpira wa chini tu, kwa kani R. Hivyo R × 8/10 = 40, R = 50. Sehemu yake ya mlalo ni 50 × 6/10 = 30, nayo inazuiwa na ukuta wa kulia.

Umeona? Uzito ni 40 lakini mpira wa chini unakandamizwa kwa 50. Wengi huandika 40 kwa vile "mzigo uko juu yake", na majibu yote yanayofuata yanaharibika. Uzito ni dunia kuvuta mpira wa juu. Mpira wa chini unachojua ni kusukumwa, tena kimshazari.

Kwa mpira wa chini, ukuta wa kushoto unatoa 30, sakafu 40 + 40 = 80. Ukitazama mipira yote kama kitu kimoja hesabu inakubali, na R haionekani kabisa kwa kuwa ni ya ndani.

Ukipanua sanduku liwe sm 18, R inapanda hadi 66.7.

La kujaribu: rudi kwenye sm 16, ila sanduku halina kitako, limesimama tu sakafuni. Lahitaji uzito gani angalau lisipinduke? Ni nyutoni 30. Usipoipata, tafuta momenti kwenye ukingo wa chini wa ukuta wa kulia.