Tangi la Samaki wa Baharini: Ukubwa Gani Unafaa?

Si ajabu katika miji ya pwani kumwona kijana akirudi kutoka mwambani wakati wa maji kupwa, amebeba samaki wa rangi za kupendeza ndani ya beseni. Humtia katika chombo cha kioo na kumweka mezani. Baada ya siku chache samaki huelea, amekufa. Husemwa kwamba ameuawa na njaa. Lakini mara nyingi kilichomuua ni udogo wa chombo. Katika makala haya tutaeleza sababu zake, kisha tutaonyesha jinsi ya kukadiria ukubwa unaofaa.

Kwanza yatupasa kukumbuka kwamba bahari haibadiliki upesi. Kila kilo moja ya maji yake ina wastani wa gramu 35 za chumvi, na joto lake hutofautiana kidogo tu kati ya mchana na usiku. Samaki wa mwambani ameumbika kuishi katika utulivu huo. Kwa hiyo, kuchagua tangi ni kuchagua kiasi cha utulivu: maji yakiwa mengi, huchelewa kubadilika.

Chumvi. Maji yanapogeuka mvuke, chumvi hubaki. Tuchukue vyombo viwili vyenye kuta zilizosimama wima, kimoja kina maji ya kina cha sentimita 15 na kingine sentimita 45. Kila kimoja kikipungukiwa na sentimita 3, chumvi katika kile cha kwanza hupanda kutoka gramu 35 hadi karibu 44. Katika cha pili hufikia 37 na nusu tu. Ndiyo maana upungufu huo hujazwa kwa maji yasiyo na chumvi, wala si kwa maji ya bahari.

Uchafu. Samaki hutoa amonia, hasa kupitia matamvua yake. Bakteria waishio juu ya mawe na mchanga huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo na madhara makubwa. Lakini huchukua wiki kadhaa kuongezeka vya kutosha. Amonia itolewayo ndani ya lita 20 huwa kali mara kumi kuliko ikitolewa ndani ya lita 200. Tena, maji ya bahari hayana asidi, na hali hiyo huizidishia amonia sumu yake.

Hewa. Katika joto la nyuzi 25 za Selsiasi, lita moja ya maji ya mtoni huweza kushika miligramu 8.3 hivi za oksijeni. Ya maji ya bahari hushika 6.8 tu. Oksijeni huingilia juu, maji yanapokutana na hewa. Kwa hiyo tangi jembamba na refu kwenda juu halifai, hata kama linachukua maji mengi. Heri lililo pana.

Ukuaji. Hapa ndipo wengi hukosea, kwani humpima samaki kama alivyo siku ya kununuliwa. Samaki akirefuka mara mbili, hupanuka na kunenepa pia, hata uzito wake ukaongezeka karibu mara nane. Kitatange mchanga aina ya Pomacanthus imperator ni mdogo, mweusi wa buluu mwenye duara nyeupe. Akikua huvaa milia ya manjano na huweza kufikia sentimita 40! Huyo ahitaji mamia mengi ya lita. Kangaja naye huogelea mchana kutwa, hivyo ahitaji tangi lenye urefu wa zaidi ya mita moja. Bali samaki wadogo waishio kati ya mikono ya anemoni hawaendi mbali. Jozi moja huweza kutunzwa katika lita 100 hivi. Kwa anayeanza, lita 200 ni kiasi cha busara.

Kupata ujazo, zidisha urefu, upana na kina kwa sentimita, kisha gawanya kwa 1,000. Tangi la 120 × 50 × 50 huchukua lita 300. Mawe na mchanga hupunguza kiasi hicho. Kumbuka pia kwamba lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1.025, maji ya tangi hilo pekee yatazidi kilo 300, sawa na watu wazima watano hivi. Meza ya kawaida haitafaa.

Wengi wa samaki hawa bado huvuliwa mwambani. Afaye ndani ya beseni ameondolewa baharini bure. Asiye na nafasi ya tangi la kutosha na amtazame samaki huko huko kwao, maji yakipwa.

Zoezi: Tangi la 90 × 45 × 45 lina lita ngapi? Je, laweza kumfaa kangaja? Toa sababu.