Dondoo muhimu: Trekta lako hela inapokauka

Mambo yakikaza, mkulima hupunguza ekari, au huomba alimiwe sasa alipe akivuna. Dizeli haikopeshwi. Hapo ndipo wenye matrekta wengi wa Kilosa na Mbarali hukwama.

Bei ya ekari. Usiinakili ya jirani. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Siku hiyo toa daftari, piga hesabu upya. Trekta likinywa lita 7 kwa ekari na lita ikapanda shilingi 200, kila ekari imekula 1,400 zaidi. Kwa ekari 100 ni 140,000, na dereva bado anakudai.

Anayelipa kwa mpunga. Andikishianeni idadi ya kilo, siyo magunia, maana lumbesa ya mmoja ni gunia la kawaida kwa mwingine. Shahidi awepo. Pesa ya mafuta aitoe mkulima, taslimu, kabla jembe halijagusa ardhi. Hapa usilegeze hata kwa shemeji.

Vipuri. Vingi huagizwa kwa dola. Shilingi ikishuka, navyo hupanda. Nunua filta na oili mara tu msimu unapoisha, mfuko ukiwa bado na kitu.

Mkopo. Nenda benki kabla hujaruka rejesho hata moja, uombe marejesho yafuate mavuno badala ya mwezi. Ukishachelewa miezi mitatu, wa kuongea naye ni dalali.

Tela. Kiangazi lisilale: kuna matofali, mchanga na kuni za kubeba.