ELIMU KWA UMMA: Rekodi za Malipo Zikipotea Kwenye Kompyuta, Hurudishwaje?

Chukua mfano wa mama mwenye duka sokoni. Saa nne asubuhi amelipia kibali cha biashara kwa M-Pesa. Saa tisa alasiri seva ya ofisi ya mapato inaharibika. Kesho yake wakaguzi wanapita, na malipo yake hayaonekani. Je, alipe tena? Jibu linategemea kazi iliyofanywa kabla ya siku hiyo.

Mfumo wenyewe ni nini?

Taasisi nyingi kubwa zimeacha kutumia daftari moja la mapato na jingine la mishahara. Zinatumia mfumo mmoja unaounganisha mapato, ununuzi, mishahara, stoo na hesabu. Wataalamu huuita ERP, yaani mfumo wa kusimamia rasilimali za taasisi. Faida yake ni kwamba malipo yakiingizwa mara moja, kila idara inayohusika huyaona. Hatari yake ni kwamba kosa likiingia mara moja, nalo huenea kote.

Kuupanga mfumo

Mfumo haujui ada yoyote mpaka uelezwe. Bunge la Kaunti linapopitisha Sheria ya Fedha, viwango vipya huingizwa katika jedwali la ada. Sifuri moja ikizidi, ada ya shilingi 5,000 inakuwa 50,000 kwa kila mfanyabiashara wa kundi hilo. Ndiyo maana utaratibu mzuri huwa hivi:

1. Mabadiliko hujaribiwa kwanza kwenye mfumo wa majaribio.
2. Anayeingiza kiwango siye anayekiidhinisha.
3. Kila afisa ana nywila yake, ili ijulikane nani alibadilisha nini na lini.
4. Kiwango cha zamani hakifutwi. Huwekewa tarehe ya mwisho, ili madeni ya nyuma yahesabiwe sawasawa.

Kutunza data

Kinga ya data ni nakala rudufu. Nakala kamili huchukuliwa mara nyingi usiku, watumiaji wakiwa wachache. Kati ya nakala moja na nyingine, mfumo huandika kumbukumbu ya kila muamala, nayo huhifadhiwa kando kila baada ya muda mfupi, kwa mfano dakika 15.

Kanuni inayofuatwa na wengi ni ya 3-2-1: nakala tatu za data, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mbali na ofisi. Moto ukiteketeza jengo, nakala iliyo kabati la chumba kilekile haitasaidia. Vilevile, nakala iliyounganishwa na mtandao wakati wote inaweza kufungwa na virusi vya kudai fidia pamoja na data yenyewe.

Kurudisha data

Turudi kwa yule mama. Mafundi huzuia kwanza watu kuingia kwenye mfumo, kisha hurudisha nakala kamili ya saa sita usiku. Wakiishia hapo, malipo ya saa 15 hayamo, na lake ni mojawapo. Kama kumbukumbu za miamala zilihifadhiwa kando, hurudiwa moja baada ya nyingine hadi karibu na dakika ya ajali. Pengo linalobaki huzibwa kwa kulinganisha mfumo na taarifa za benki na za M-Pesa.

Nakala isiyojaribiwa si ya kutegemea. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab alifuta kwa makosa hifadhidata iliyokuwa ikitumika. Kampuni ilikuwa na njia kadhaa za kuweka nakala, lakini ikagundua kuwa nakala za kila siku zilikuwa zikishindwa bila mtu kujua. Iliokolewa na nakala iliyochukuliwa saa sita hivi kabla ya ajali. Data ya saa hizo ilipotea. Funzo ni kwamba kurudisha data kufanyiwe mazoezi kabla ya msiba.

Haki na wajibu wa mwananchi

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari zisizo za kweli zinazomhusu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inampa haki ya kuona data yake. Data hiyo ikifikiwa na asiyeruhusiwa, na kukawa na hatari ya kweli ya madhara, Kamishna wa Data lazima aarifiwe ndani ya saa 72.

Kwa upande wake, mwananchi:

- Asifute ujumbe wa M-Pesa. Msimbo wake ndio unaofuatilia malipo.
- Ahakikishe namba ya akaunti, ya biashara au ya ploti ni sahihi kabla ya kutuma pesa.
- Ahifadhi risiti na kibali, na picha yake kwenye simu.
- Rekodi ikikosekana, apeleke ushahidi huo ofisi ya mapato kabla ya kulipa tena.

Yule mama, akiwa na msimbo wake, hana haja ya kulipa mara mbili.